Maswali ya Wasomaji: Mita zenye redio, na mnara wa nani?

SWALI: Mradi wetu wa maji una wateja 600. Tunataka mita za kulipia kabla. Muuzaji mmoja ametuletea za LoRaWAN (redio ya masafa marefu inayokula umeme kidogo), mwingine za NB-IoT (huduma ya kampuni za simu kwa vifaa vidogo), na kila mmoja anaapa kwamba teknolojia ya mwenzake inakufa. Tumsikilize yupi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kwa hilo, msimsikilize yeyote. Hata wenye mabilioni wamekosea. Mwaka 2008 Clearwire ya Marekani ilichangiwa dola bilioni 3.2 na akina Intel, Google na Comcast ili isambaze WiMAX, teknolojia ya intaneti ya kasi isiyo na waya. Desemba 2009 kampuni ya simu ya TeliaSonera ikawasha mshindani wake, LTE (4G ya leo), Stockholm na Oslo, watengenezaji wa simu wakaelekea huko, na kufikia 2016 Sprint, iliyokuwa imeinunua Clearwire, ilikuwa inazima WiMAX hiyo. NB-IoT nayo ilifungwa na NTT Docomo ya Japani Machi 2020, huku China ikiendelea kusoma mamilioni ya mita kwa NB-IoT hiyo hiyo. Teknolojia haifi dunia nzima kwa siku moja. Inakufa pale ulipo wewe, siku mwenye mnara anapoona haimlipi.

Kwa hiyo ulizeni kwanza mnara ni wa nani. NB-IoT hupita kwenye minara ya kampuni ya simu. Simu yako kuonyesha 4G si ushahidi kwamba NB-IoT imewashwa kwenye mnara wa kijiji chenu; ombeni kampuni iwaandikie, kwa jina la kijiji, na kwa miaka mingapi. Kwa LoRaWAN mnara ni wenu: kipokezi cha chaneli nane (mafundi hukiita geitiwei) kinafungwa juu ya mnara wa tangi, kinapewa sola na laini ya data. Kama wateja wenu wamelizunguka tangi ndani ya kilomita mbili tatu, sisi tungechukua LoRaWAN. Kama wametawanyika kandokando ya barabara kata kwa kata, vipokezi vitakuwa vingi mno na NB-IoT itawafaa zaidi, ilimradi imejaribiwa.

Na jaribio lisifanyike ofisini kwa muuzaji. Chukueni mita 10, mzifunge mahali pabaya kuliko pote: shimo lenye mfuniko wa chuma, nyuma ya ukuta wa zege, bondeni. Ziacheni wiki mbili. Kila ujumbe wa LoRaWAN una namba ya mfuatano. Namba zikirukwa, ujumbe umepotea. Tazameni pia kasi, inayoandikwa SF7 hadi SF12: namba ikipanda, ujumbe unafika mbali zaidi lakini polepole. Ujumbe wa baiti 12 kwa SF7 unakaa hewani milisekunde 62 hivi. Kwa SF12, karibu sekunde 1.5, yaani mara 24. Mita zilizosukumwa hadi SF12 zinakula betri na kuziba njia ya mita nyingine. Zikizidi mbili kati ya kumi, ongezeni kipokezi au badilisheni mifuniko ya chuma kwa ya plastiki, ambayo ni nafuu zaidi.

Angalieni masafa kabla ya kulipa. Mita za bei poa mara nyingine ni za soko la Marekani, 902 hadi 928 MHz. Kwetu, sehemu ya masafa hayo ndiyo simu za GSM 900 zinatumia kuongea na mnara (880 hadi 915). Tafuteni za 868 na ithibati ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.

Jambo linaloleta ugomvi kuliko yote ni vali, ile inayofungua na kufunga maji ndani ya mita. Mita ya LoRaWAN ya daraja A husikiliza tu kwa muda mfupi baada ya yenyewe kutuma. Mama amelipa saa mbili asubuhi, mita yake hutuma mara moja kwa siku, saa sita usiku: maji yatafunguka usiku huo, naye ameshafika ofisini kwenu mara tatu. NB-IoT iliyowekwa ilale kuokoa betri ina ugonjwa huo huo. Dawa ni mita yenye vibonye vya kuingizia namba kama zile za umeme za LUKU, au yenye kitufe cha kuiamsha. Msiruhusu pia mita zote zitume dakika ile ile, zitagongana. Zitawanyeni ndani ya saa nzima. Wala msidai kila ujumbe ujibiwe, maana kipokezi kikijibu hakisikii.

Kuhusu betri: aina zote mbili kwa kawaida hutumia lithiamu ya volti 3.6 inayotangazwa kwa miaka 10. Redio ya LoRa inavuta miliampia 40 hivi, modemu ya NB-IoT inaweza kupita 200. Betri iliyokaa ghalani miezi mingi hujifanyia utando ndani. Modemu ikivuta kwa ghafla, volti zinashuka, inajizima, inawaka, inajaribu tena. Betri ya miaka 10 inaweza kuisha mapema mno. Kwa NB-IoT, ulizeni kama kuna kapasita (kihifadhi umeme cha kubeba mvuto huo wa ghafla) iliyounganishwa sambamba na betri. Muuzaji asiyejua jibu, mfungulieni mita mbele yake.

SWALI: Tuna mita 200 za LoRaWAN. Muuzaji amepandisha ada ya seva, kompyuta inayopokea data za mita. Tukitaka kuhama anasema haiwezekani. (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Inawezekana mkipata funguo. DevEUI, namba ya utambulisho wa mita, huwa kwenye stika yake. AppKey, ufunguo wa siri wenye herufi na tarakimu 32, kwa kawaida haipo hapo, anayo muuzaji. Mnahitaji pia JoinEUI (namba ya seva ambayo mita hujiunga nayo) na maelezo ya jinsi baiti zilivyopangwa, la sivyo mtapokea namba msizoweza kuzisoma. Akitoa, anzeni na mita tatu: zisajilini kwenye seva yenu (ChirpStack ni ya bure), mwelekeze kipokezi huko, kisha mziwashe upya, mara nyingi kwa sumaku. Bila hivyo mita hudhani bado iko kwa bwana wake wa zamani.

Akikataa, tazameni mita yenyewe. Kama redio ni kiboksi kilichobanwa juu ya mita, kinachohesabu mapigo inayotoa maji yakipita, badilisheni kiboksi tu. Kama imezikwa ndani ya gundi ngumu, hapo mmebaki na mazungumzo. Zabuni ijayo andikeni: funguo zote kwenye faili siku ya kupokea mzigo, na asilimia 10 ya malipo inabaki mpaka mita tatu zifanye kazi kwenye seva yenu. Waliokuwa na vifaa vya Sigfox, mtandao wa redio uliokuwa chini ya kampuni moja, walikaa roho juu kuanzia Januari 2022 kampuni ilipoomba ulinzi wa mahakama Ufaransa hadi UnaBiz ya Singapore ilipoinunua Aprili.

SWALI: Nina bodaboda 40. Kifaa cha kuzifuatilia kiwe cha 2G au 4G? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Cha 4G aina ya Cat 1 bis, chenye 2G ya akiba. Kinatumia 4G ya kawaida kwa antena moja, hakisubiri kampuni iwashe kitu kipya. AT&T ya Marekani ilizima 2G Januari 2017 na vifaa vya namna hiyo vikanyamaza; huku kwetu 2G bado inafika vijiji ambavyo 4G haijafika. Kwenye karatasi ya kifaa tafuta 700, 800 na 1800 MHz. Ukiona 850 na 1900 peke yake, kirudishe dukani.