Kisu cha springi kimekatika kwenye msuka: kosa liko wapi?

Swali: Assalaam alaykum fundi. Nimetengeneza visu viwili vya jikoni kwa msumeno wa chuma na tupa. Cha kwanza ni cha pleti ya springi ya gari. Nilikitia moto kikawa chekundu, nikakizima kwenye ndoo ya maji. Kilikuwa kikali sana, lakini kilipoanguka sakafuni kikakatika pale unapoanzia msuka, ile sehemu inayoingia ndani ya mpini. Cha pili ni cha flatibaa. Hicho hakivunjiki, ila ukipara samaki mmoja tu kishakuwa butu. Nimekosea wapi? – Msomaji, Wete, Pemba.

Jibu: Waalaykum salaam ndugu yangu. Cha flatibaa maneno yake ni machache. Flatibaa na mabomba ni chuma laini, kaboni yake kwa kawaida haifiki asilimia 0.3, na bila kaboni moto hauna cha kukazia. Ukizime kwa maji au kwa mafuta, kitabaki kilekile. Kiweke kando.

Springi ni jambo jengine. Ina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6, na hiyo inatosha kwa kisu kizuri. Chuma ulichagua sawa, kilichokuponza ni namna ulivyokizima na hatua uliyoiruka baada ya hapo.

Kabla hujatupa kile kilichokatika, kitazame juani pale penye mvunjiko. Ukiona chembe kubwa zinazometa kama chumvi ya mawe, moto ulizidi. Ukiona kijivu laini kama kigae cha kikombe, moto ulikuwa sawa. Na ukikuta sehemu ina kutu au weusi, ujue ufa ulikuwamo tangu kwenye ndoo, sakafu imemalizia tu. Maji hupoza springi kwa kasi mno: nje inakaza na kujivuta wakati ndani bado kuna moto, chuma kinapasuka. Ufa hupenda kuanzia kwenye kona, na nahisi msuka wako uliukata kwa kona kali ya mraba. Kona hiyo ipitishie tupa ya duara mpaka iwe na mviringo wa milimita 3 au zaidi.

Pleti nyengine ukiikata, chukua upande wa mwisho, mbali na tundu la bolti ya katikati, maana springi iliyokwishachoka huwa na nyufa zisizoonekana. Ipake mafuta ya taa, iache robo saa, ifute ikauke kabisa, kisha ipake unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Kipande hicho usikitumie.

Ili tupa isiteleze, ipashe moto pleti mpaka sumaku isishike, halafu izike kwenye majivu makavu mpaka asubuhi. Sasa tupa itakula. Lakini pleti ya milimita 8 kuimaliza kwa tupa ni kazi ya siku nyingi, kwa hiyo tafuta iliyo nyembamba au mpe mhunzi aifue kwanza. Kwenye makali acha unene wa milimita 1, usinoe bado. Makali membamba hupinda au hupasuka wakati wa kuzima. Alama za tupa zilizokatisha ubapa zifute kwa msasa, ukisugua kwa urefu wa kisu, kwani kila mkwaruzo ni mlango wa ufa.

Mafuta ya nazi yanafaa sana kuzimia, lita 4 hivi ndani ya chombo cha chuma kirefu chenye kifuniko. Ila yale ya kukamua nyumbani mara nyingi huwa na maji. Yapashe taratibu mpaka yaache kutatarika, kisha yaache yapoe yafike joto la kama nyuzi 50. Ukitia chuma chekundu kwenye mafuta yenye maji, yatakurukia. Yakishika moto funika, usimwagie maji. Oili chafu ya injini iache, moshi wake ni sumu.

Moto wa makaa ya vifuu ni mkali na unapanda haraka, basi vukuta pole pole na fanya kazi kivulini, kwa sababu juani wekundu wa chuma unakudanganya. Gusisha sumaku kila mara. Ikiacha kushika, karibu nyuzi 770, ongeza moto kidogo tu, wekundu ung'ae, kisha kizamishe wima, ncha mbele. Kisogeze mbele na nyuma kufuata makali. Ukikitikisa ubavuni kitapinda. Kikipoa pitisha tupa: ikiteleza bila kung'ata, kimekaza.

Hapo ndipo ulipoacha, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Chuma kilichokazwa ni kama kioo, lazima kirudishwe kwenye moto mdogo siku ileile. Kisugue mpaka king'ae. Kama jirani kuna tanuri la boflo, omba nafasi ya saa mbili kwenye joto la nyuzi 200 hadi 220, kitoe kipoe, ukirudishe saa mbili nyengine. Kama hakuna, tia mchanga mkavu kwenye sufuria kuukuu, uweke juu ya makaa, ukilaze kisu huku mgongo ukielekea chini. Angalia rangi inayotambaa juu ya chuma. Makali yakishika rangi ya ukindu mkavu, kitoe. Ikifika buluu umepitiliza kwa kisu cha jikoni, ingawa kwa panga ndiyo rangi yake.

Ubapa uliobaki, kama mvunjiko wake ni laini na hauna ufa mwengine, haujapotea. Uzike tena kwenye majivu, uchonge msuka mpya, uanze upya na kisu kifupi. Kwenye mpini jaza gundi ya kuchanganya mpaka ifurike. Maji ya samaki yakipenya ndani, msuka utaliwa na kutu usikokuona.