Usiwape Jibu Kabla Mshumaa Haujazimika

Kama ndiyo kwanza umekabidhiwa ulezi wa klabu ya sayansi, bila shaka umeshaanza kutafuta majaribio yanayotoa moshi na povu. Nami nilianzia huko huko. Siku yangu ya kwanza nilitengeneza volkano ya siki na bikaboneti ya sodiamu, ule unga wa kuumulia keki. Povu likafurika mezani, watoto wakashangilia, na dakika tano baadaye nimesimama mbele yao sina la kusema. Nilikuwa nimewafanyia kiinimacho. Hakuna aliyekisia kitu, hakuna aliyepima kitu, na mikono iliyofanya kazi ilikuwa yangu peke yangu.

Volkano hiyo hiyo inaokoleka. Mimina siki kwenye chupa ya plastiki, mililita 100, kisha tia unga ndani ya puto na ulivishe mdomoni mwa chupa. Ukiliinua, unga unaanguka na kaboni dayoksaidi inalijaza puto. Kundi la kwanza litie nusu kijiko cha chai, la pili kijiko kimoja, la tatu kimoja na nusu, la nne viwili, la tano vitatu. Halafu wazungushie maputo uzi na kuupima kwa rula. Watatarajia la tano liwe kubwa kuliko yote, kumbe halitalipita la nne kwa kitu cha maana. Siki ya kawaida ya asilimia 5, kwa kiasi hicho, inamalizana na gramu 7 hivi za unga, yaani kijiko kimoja na nusu. Unga unaozidi hukaa chini ya chupa bila kazi. Waache wauone wenyewe ule unga uliobaki. Chupa isiwe ya kioo, wala usiizibe kwa kifuniko.

Ila ukiniuliza uanze na lipi, nitakwambia pendulamu, yaani uzito unaoning'inia kwenye uzi na kubembea. Uzi, nati chache, rula na saa ya sekunde, basi. Haiunguzi wala haimwagiki. Kabla hujagawa chochote, uliza: ni nini kitakachobadilisha mwendo wake, uzito, urefu wa uzi, au umbali wa kuivuta? Wengi watasema uzito. Wanyoshe mikono na kila mmoja aandike kisio lake kwa kalamu isiyofutika, maana watoto (na sisi pia) tuna tabia ya kukumbuka kwamba tulijua tangu mwanzo.

Wapime muda wa kubembea mara 10, kwenda na kurudi. Hapa kuna mitego miwili iliyonisumbua muhula mzima. Wa kwanza ni kuhesabu. Mtoto akiachia uzi husema "moja" papo hapo, kwa hiyo anapofika kumi amehesabu tisa. Wafundishe kuanza na "sifuri". Wa pili ni mjanja zaidi: ukimwambia aongeze uzito, ataining'iniza nati ya pili chini ya ile ya kwanza, na kumbe ameurefusha uzi bila kujua, kwa kuwa urefu hupimwa hadi katikati ya uzito. Matokeo yake yatamwambia kwamba uzito una athari, naye atakuwa na haki ya kukubishia. Nati zote zifungwe mahali pamoja, na zivutwe kidogo tu pembeni.

Wakifanya hivyo, sentimita 25 zitawapa sekunde 10 hivi, na mita moja itawapa 20. Wakishaipata hiyo, waulize sentimita 50 itakuwaje. Watajibu 13, au 15. Ni 14 na nukta kidogo. Urefu lazima uwe mara nne ndipo muda uwe mara mbili, na nimewahi kumwona kijana wa miaka kumi na mmoja akiligundua hilo mwenyewe kwa kutazama jedwali lake, kabla sijafungua mdomo. Ningelisema mapema ningemnyang'anya.

Kuhusu kusema mapema, niungame. Kwa miaka miwili niliwafundisha watoto uongo kwa mshumaa. Unaujua mchezo wenyewe: mshumaa unasimamishwa kwenye sahani ya maji, unafunikwa kwa glasi, unazimika, maji yanapanda ndani. Nilieleza kwamba oksijeni imekwisha na maji yamechukua nafasi yake. Tena yalipanda karibu moja ya tano, na oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, nikajiona fundi. Siku moja binti mmoja akauliza mbona maji yanapanda kwa kasi baada ya moto kuzimika, si wakati unawaka. Sikuwa na jibu. Tukaweka mishumaa mitatu chini ya glasi ile ile, na maji yakapanda juu zaidi, ilhali oksijeni ndani ya glasi haikuongezeka. Kinachofanya kazi kubwa ni joto: hewa inapashwa, inatanuka, nyingine inaponyoka kama viputo ukingoni, kisha iliyobaki inapoa na kusinyaa, na hewa ya nje inayasukuma maji ndani. Hata oksijeni yenyewe haiishi yote. Tangu siku hiyo naanza na mishumaa mitatu, na maelezo hayatoki kwangu hadi wameshabishana.

Mengine ni mafupi. Makundi yawe ya watoto watatu, mmoja ashike, mmoja atazame saa, mmoja aandike, wabadilishane. Wakifika watano, wawili watakuwa wanachezea vifaa. Maelekezo yatoke kabla ya vifaa, kwani ukishagawa sumaku hakuna atakayekusikiliza. Jaribio ulilifanye mwenyewe jana yake kwa vifaa vile vile. Penye moto, nywele zifungwe na ndoo ya maji iwe karibu. Betri bapa za duara, zile ndogo kama kifungo, zihesabu unapogawa na unapokusanya. Mtoto akimeza moja, inaweza kumuunguza umio ndani ya saa mbili, kwa hiyo ikipotea hakuna kurudi nyumbani mpaka ijulikane ilipo.

Na dakika kumi za mwisho ziwe za usafi, hata kama kundi moja linaomba "mara moja tu tena". Nta iokotwe ikishaganda, isimwagwe kwenye sinki. Mimi nimeshawahi kulizibua bomba hilo.