Mbegu ya manjano kutoka India: jua kwanza nani atanunua

Mkuu, umeuliza kama inafaa kuagiza mbegu ya manjano aina ya Prathibha kutoka India, kwa kuwa umesoma ina kurkumini, ile kemikali inayoipa manjano rangi yake, zaidi ya asilimia 6 na inatoa tani 39 kwa hekta. Mimi nalima manjano Muheza, upande wa Amani, na nanunua pia ya majirani, kwa hiyo nakujibu kama mkulima na kama mnunuzi.

Takwimu hizo ni za kweli, ila ni za huko huko India, na tani hizo ni za tunguu mbichi, yaani ile sehemu ya ardhini tunayovuna. Kilo 100 mbichi zikichemshwa na kukauka vizuri zinabaki kilo 20 hivi. Na kurkumini haiamuliwi na mbegu peke yake: udongo, mvua na umri wa kuvuna vyote vina mkono wake. Usimwahidi mnunuzi asilimia 6 kabla hujapima ya shambani kwako.

Prathibha ilitolewa na taasisi ya utafiti wa viungo ya Kozhikode, jimbo la Kerala. Hao hao wametoa Pragati, inayokomaa kwa miezi 6 hivi badala ya 7 hadi 9 tuliyoizoea. Miaka ya karibuni wakatoa Surya, na hii ndiyo naomba uitafakari: kurkumini yake ni asilimia 2 hadi 3 tu, na bado ni mbegu bora. Viwanda vya unga wa viungo kule vinahitaji manjano yenye rangi iliyopauka na harufu nzuri, na mbegu za kienyeji za namna hiyo zilikuwa na mavuno madogo. Surya ikaziba pengo hilo.

Kwa hiyo ubora unategemea mfuko unaolipa. Anayekamua kurkumini kwa ajili ya dawa atadai cheti cha maabara. Mfanyabiashara wa sokoni hana habari na cheti. Anachukua kidole kimoja cha manjano (kitawi kinachochipuka kwenye tunguu mama) kwenye gunia, anakivunja. Kikikatika kwa mlio mkali, ndani rangi ya chungwa iliyoenea sawasawa, mnaongea bei. Kikipinda, au katikati kukiwa na weupe, anarudisha mkono mfukoni, hata kama mbegu yako imetoka India kwa ndege.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoteza hela. Tenganisha tunguu mama na vidole, maana haviivi pamoja. Chemsha dakika 45 hadi saa nzima, mpaka povu litoke, harufu ipande, na kijiti kipenye bila kulazimisha. Anika juu ya turubai safi au kichanja, siyo ardhini, siku 10 hadi 15, na jioni funika umande usiingie. Nimepokea mizigo mizuri kabisa ya Usambara iliyooza ukungu kwa sababu ya kuharakisha siku mbili tatu za mwisho.

Ukiamua kuagiza, pita kwenye kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Sisemi hivi kwa kuogopa sheria tu. Manjano hupandwa kwa tunguu, na tunguu hubeba udongo, minyoo fundo (minyoo midogo sana inayoshambulia mizizi) na vimelea vya kuoza. Ukiingiza ugonjwa bondeni kwenu, jirani ndiye atakayeumia. Piga pia hesabu ya mzigo: hekta moja inakula tani 2 hadi 2.5 za mbegu, hivyo utaanza na kitalu kidogo na kuzidisha kwa misimu kadhaa.

Wakati huo huo, msimu huu weka alama kwenye mashina yako yaliyonona yasiyo na ugonjwa, vuna kila shina peke yake, kausha, upeleke sampuli maabara. Suvarna, mojawapo ya mbegu bora za India, ilipatikana kwa kuchagua namna hii kutoka kwenye manjano ya kienyeji. Kama huna mkataba na mkamuaji, ningeanzia hapo, na hela ya kuagiza ningeinunulia sufuria kubwa na maturubai.