Kutayarisha Yamaha RD350 kwa mbio za moto (pikipiki) za zamani, ukitokea Lubumbashi

Yaya, umeuliza uanzie wapi na RD350 ya 1974 iliyolala miaka mingi depo, unayotaka kuipeleka Afrika Kusini kwenye mbio za moto za zamani, na kama buji mpya na kusafisha karbureta vitatosha. Havitoshi. Injini hii ni ya mipigo miwili, na kinachoziua mara nyingi ni hewa: ama inaingilia mahali pasipotakiwa, ama ni nzito kuliko ile jigleri (kitundu cha kupimia petroli ndani ya karbureta) iliyochaguliwa nayo.

Kabla ya kununua hata nati moja, omba kitabu cha sheria cha mbio zenyewe. RD350 ilitoka 1973, kwa hiyo daraja linaloishia 1972 linaweza kuikataa hata iking'aa namna gani. Tazama pia kama wanaruhusu karbureta kubwa kuliko Mikuni za 28 mm zilizokuja nayo, na ekzosi za mbio.

Sasa fungua injini yote. Sili za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) zikikaa miaka bila mafuta zinakauka na kuwa ngumu. Ya kushoto, upande wa jenereta, ikivuja inavuta hewa, na silinda ya kushoto inapata petroli kidogo na kuchemka. Ya kulia, upande wa klachi, inanyonya mafuta ya giaboksi, utaona moshi usioisha. Badilisha zote bila kuzionea huruma. Ukishafunga injini, ziba njia za kuingiza na za ekzosi, jaza hewa kwa pampu ndogo mpaka 0.4 bar na usubiri dakika sita. Mshale wa kipimo cha hewa ukishuka haraka, pitisha maji ya sabuni kwenye maungio mpaka uone povu. Usiwashe kabla kipimo hiki hakijapita.

Krenki yenyewe imeunganishwa kwa kushindiliwa, na inaweza kujipinda katikati. Iwekwe kwenye vitalu vya V na kupimwa kwa komparateri (saa ya kupimia mia za milimita): ikiyumba zaidi ya 0.03 mm, irudishwe sawa. Kwa kazi hiyo tuna bahati. Lubumbashi na Likasi wapo wachonga vyuma waliozoea pampu za migodi, wenye mikono ya kupima kwa mia za milimita.

Silinda ni 64 mm, na kila moja ichongwe kwa kufuata pistoni yake. Kiwandani nafasi kati ya pistoni na silinda ilikuwa 0.035 hadi 0.040 mm. Kwa mbio acha 0.05 hadi 0.06, kwa sababu pistoni inavimba zaidi. Mwambie fundi kwa mdomo, tena umsimamie: baada ya kuchonga, kingo za madirisha ya silinda (matundu ya kupitishia hewa na moshi) zipunguzwe makali kwa jiwe laini. Aliyezoea injini za mipigo minne hafikirii jambo hilo, na ringi ikinasa kwenye ukingo mkali inavunjika siku ya kwanza.

Platini (ncha zinazokata umeme ili cheche itoke) ziwe wazi kati ya 0.30 na 0.40 mm, na avansi, yaani cheche kutangulia, iwe 2.0 mm kabla ya pistoni kufika juu, ipimwe kwa komparateri kupitia tundu la buji, kila silinda peke yake. Usiongeze avansi kutafuta nguvu, utapata joto. Buji ya kawaida ni NGK B8HS, lakini kwa mbio anza na B9HS, ambayo ni baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka.

Hapa ndipo wengi wa kwetu wanaharibu injini nzuri. Hewa ya Lubumbashi, kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, ni nyepesi kwa karibu asilimia 11 kuliko ya pwani. Karbureta haijui uzito huo vizuri, kwa hiyo huku juu petroli inazidi kama asilimia 6, na fundi anapunguza jigleri mpaka moto ivute safi. Kiwanja cha Zwartkops, Pretoria, kiko juu kidogo kuliko sisi, na jigleri ya nyumbani itakaribia kukufaa. Kiwanja cha Killarney, Cape Town, kiko karibu na usawa wa bahari. Ukikimbia huko na jigleri ileile, petroli haitoshi kwa hewa hiyo nzito. Kwenye mstari mrefu pistoni inachemka, inavimba, inashika silinda, na gurudumu la nyuma linafunga ghafla. Kwa hesabu, aliyetumia jigleri namba 200 Lubumbashi anahitaji kama 212 pwani. Beba 210, 220 na 230, anza na kubwa ndipo ushuke. Na kidole kiwe juu ya klachi muda wote.

Chujio la hewa nalo linahesabika. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu linakula silinda, kwa hiyo mazoezi ya nyumbani fanya na sponji yenye mafuta. Ukilitoa kwa ajili ya mbio, hewa inaongezeka, jigleri ipandishwe.

Ukiondoa pampu inayoingiza mafuta ya kulainisha injini, ziba kabisa vitundu vya mirija yake, la sivyo vitavuta hewa. Changanya 40 ml za mafuta kwa kila lita ya petroli, na ukishapata jigleri usibadili kipimo hicho: mafuta yakizidi, petroli inayopita inapungua. Petroli ya bidoni za Kadhafi (wauzaji wa barabarani) usiiguse kwa injini hii. Ikichanganywa na mafuta ya taa inagonga, yaani inalipuka ovyo ndani ya silinda, na kugonga kunatoboa pistoni.

Wakaguzi watatazama usalama kwanza. Toa taa, vioo na stendi. Nati ya kumwagia mafuta na kifuniko cha kujazia vitobolewe 1.5 mm na kufungwa kwa waya wa chuma kisichoshika kutu wa 0.8 mm, ukivuta upande wa kukaza. Gesi (mkono wa kuongeza mwendo) irudi yenyewe ukiiachia, usukani ukiwa umekata pande zote mbili. Mpira wa kupitishia mafuta ya breki ya mbele ubadilishwe hata kama unaonekana mzima, na pistoni ya kalipa (kibanio cha breki) itolewe kutu. Tairi za inchi 18, na tarehe yake uisome ubavuni: tarakimu mbili za wiki, mbili za mwaka.

Kiwanjani, katika mazoezi ya kwanza, vuta gesi yote kwenye mstari ulionyooka, kisha kwa wakati mmoja zima injini na kamata klachi. Ingia pembeni bila kuiwasha tena, toa buji zote mbili, tazama chini kabisa ya kauri. Pete ya kahawia ni sawa. Ikiwa nyeupe, au ina vidoa vya aluminiamu, panda saizi mbili za jigleri kabla hujarudi njiani.