Usiingoje mashine: yaliyomfika Gordon Gould, na yaliyonifika mimi

Umeuliza uandike insha ya chuo kuhusu mwanasayansi gani wa leza, na usome shahada gani ili ufuate nyayo zake. Kisha, kama mtu anayeulizia bei ya ndimu, ukaongeza kwamba kifaa chako cha miale hutakiombea hataza, yaani hati ya serikali inayolinda uvumbuzi wako, mpaka kiwe kinafanya kazi. Hapo ndipo kahawa iliponipalia.

Mwandike Gordon Gould. Novemba 1957, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alijaza daftari mahesabu ya namna vioo viwili vinavyotazamana vingeweza kuurudisharudisha mwanga ndani ya maada iliyosisimuliwa, yaani iliyopewa nishati, hadi utoke mwale mmoja wenye nguvu, na neno leza akaliandika humo humo. Daftari likapigwa muhuri na mthibitishaji wa nyaraka mwenye duka la peremende. Kufikia hapo alikuwa mwerevu kuliko mimi. Kisha akaonana na wakili, akatoka akiamini kwamba ni lazima kwanza aunde leza inayowaka, jambo ambalo halikuhitajika kabisa. Ombi lake likaingia Aprili 1959, na wanafizikia Charles Townes na Arthur Schawlow walikuwa wamewasilisha lao tangu Julai 1958. Hata mashine yenyewe hakutangulia kuiunda: kampuni aliyojiunga nayo ilipata karibu dola milioni 1 za jeshi, yeye akanyimwa kibali cha kuushughulikia mradi huo wa siri kwa sababu ya siasa zake za zamani za mrengo wa kushoto, na mwanafizikia mwingine, Theodore Maiman, akaiwasha leza ya kwanza kwa fimbo ya yakuti tarehe 16 Mei 1960.

Wakili wangu mimi hakuwa hata wakili. Alikuwa bwana mmoja hapa Mombasa aliyejiita mshauri wa wavumbuzi, akanitoza ada na kuniambia kwamba serikali haitazami makaratasi, hutazama mashine. Nilikuwa nimebuni kifaa cha kupimia unyoofu wa mkuku, ule uti wa chini wa jahazi, kwa mwale wa leza. Miaka 2 nikakipiga msasa kisanduku chake cha mvule, kikapendeza hata mke wangu akataka kuhifadhia dhahabu, na muda wote huo nikiwaonyesha mafundi na wapita njia Bandari ya Kale. Nilipofika KIPI, taasisi ya serikali inayotoa hataza, Nairobi, niliambiwa kwamba yalihitajika maelezo na michoro inayomtosha mtaalamu kukiunda, na kwamba kilichoonyeshwa hadharani zaidi ya miezi 12 kabla ya ombi si kipya tena. Ukikutana na bwana yule, mwambie risiti yangu bado naidai.

Najua atatokea mtu wa kusema kuchelewa kulimtajirisha Gould, kwani hataza yake kubwa ilipotoka 1977 leza zilikuwa zimejaa viwandani. Ni kweli, ila sehemu kubwa ya haki zake ilikwenda kugharimia kesi, na sheria ya Marekani wakati ule ilimtazama aliyevumbua kwanza, ilhali hapa kwetu hutazamwa aliyetangulia kuwasilisha, kwa hiyo daftari lenye muhuri halitakufaa kitu.

Michoro yako iko wapi? Ikikamilika Jumatano, panda treni ya Alhamisi asubuhi, na kifaa kiache nyumbani. Mambo ya shahada tutayazungumza ukirudi.