Televisheni ya kwanza Tanzania ni TVZ

Ndugu, umeuliza kama ITV ndiyo televisheni ya kwanza Tanzania. Hapana. Televisheni Zanzibar, TVZ, ilianza kurusha matangazo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa rangi tangu siku ya kwanza, wakati Kenya bado wanatazama nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilianza rasmi 1976! Wazo lilikuwa la Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, ila aliuawa Aprili 1972, kazi ikaendelea chini ya mrithi wake, Aboud Jumbe. Uwezo ulikuwepo, maana karafuu ndiyo ilikuwa inaingiza fedha visiwani. Bara tulisubiri hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza, ITV kikiwemo. TVZ yenyewe baadaye iliunganishwa na redio ya serikali, ndiyo ZBC ya leo, yaani Shirika la Utangazaji Zanzibar.