Weka hiyo sufuria chini: mnofu mtupu ulivyovunja miguu ya paka wangu

Mkuu, weka hiyo sufuria chini kwanza.

Nimeanza kusoma swali lako nikiwa nimesimama, nimelimaliza nimekaa. Watoto watano wa paka, wiki tisa, mama yao hayupo, mfuko wa chakula unaisha kabla mwezi haujafika katikati. Umeshanunua kilo tano za mnofu, ziko kwenye friji, na kuanzia Jumatatu unataka kuwachemshia nyama tupu "maana paka ni mla nyama na inatoka nafuu". Halafu ukauliza na mengine: wale mara ngapi, bakuli moja au matano, maziwa je, mchanga wa choo. Hayo yatafuata. Hapo kwenye mnofu nimepita mimi.

Wangu walikuwa wanne: Tarumbeta, Kijiko, Mwizi na Waziri, umri kama wa hao wako. Mfuko wa kwanza ulipoisha nikaenda kwenye kundi moja la wafugaji kulia hali. Akatokea mtaalamu. Kila kundi lina wa kwake. Huyu alikuwa ameweka picha ya simba mahali pa sura yake, ningeshtuka hapo hapo. Akaniambia hizo punje ni nafaka na rangi, kampuni zinakula jasho lako, paka wa porini nani anamfungulia mfuko? Wape nyama safi isiyo na mfupa, mfupa utawakaba. Nikachukua kalamu, nikapiga hesabu, nikaona kweli nitaokoa hela. Nikajiona mjanja kuliko wote mnaonunua mifuko. Nikamtumia na ile mikono miwili ya kushukuru. Bado ipo pale, nikiipitia inanitazama.

Ubaya wa kosa hili, mwanzoni unajiona umepatia. Wiki ya kwanza bakuli linalambwa mpaka linang'aa. Ya pili manyoya yanateleza. Choo kidogo, kigumu, harufu karibu hakuna. Nikawapiga picha nikazituma kundini watu wajifunze. Kama kuna aliyezihifadhi, kwa hisani yake azifute.

Wiki ya nne Kijiko akaacha kupanda kwenye kiti. Nikasema amekua, amepata adabu. Akawa anakaa miguu ya nyuma ameitandaza, na ukimshika kiunoni anatoa sauti nyembamba, fupi, kisha ananyamaza. Nikawalaumu watoto wa nyumbani kwamba wamemkanyaga. Wakala makaripio yasiyokuwa yao. Siku nne baadaye Tarumbeta akaruka kutoka kwenye kiti hicho hicho, kiti cha kawaida cha mezani, urefu wa goti langu. Hakuanguka. Aliruka, kama anavyoruka kila siku. Nikasikia "tak", kama njiti ya kiberiti ikikatika. Akasimama kwa miguu mitatu, wa nne unaning'inia.

Daktari wa mifugo akapiga eksirei, akaitundika kwenye taa. Nimeshawahi kuona eksirei ya mtu: mfupa unatoka mweupe kama chaki. Hii ilikuwa mifupa ya kijivu, imefifia, inakaribia kulingana na nyama inayoizunguka, kama mtu kaichora kwa penseli kisha akajuta akaifuta. Paja lilikuwa limevunjika, na kwenye mguu mwingine kulikuwa na ufa ambao hata sikuujua. Akaniuliza swali moja tu: "Wanakula nini?"

Nikajibu kwa fahari, naapa, kwa fahari: "Nyama, daktari. Nyama safi tupu, hata mfupa hamna."

Akaweka kalamu mezani. "Hata mfupa hamna," akarudia taratibu. "Ndiyo maana na wao hawana."

Akanieleza, nami nakueleza wewe kabla hujawasha jiko. Mnofu una fosforasi nyingi, ila kalsiamu karibu hakuna. Fosforasi inaizidi kalsiamu kama mara 15 hadi 20, wakati mtoto wa paka anataka hizo mbili zikaribiane, kalsiamu ikitangulia kidogo. Sasa damu haikubali kukaa bila kalsiamu, moyo na misuli vinaitegemea. Isipoletwa na chakula, kuna vitezi shingoni vinaamuru ichotwe kwenye mifupa. Paka mzima ana akiba, unaweza kumkosea muda mrefu asikuonyeshe. Mtoto hana akiba. Anajenga huku anabomoa, na wiki chache zinatosha. Na huyo paka wa porini, mkuu, hali mnofu. Anakamata panya anamla na mifupa yake, ini lake na utumbo wake. Mtaalamu wangu alijua nusu ya habari. Nusu ya pili nimeilipia mimi.

Na nimeilipia kweli. Eksirei za wanne wote, maana kila mmoja alikuwa anakula bakuli lile lile. Dawa za maumivu. Kizimba wiki sita, hakuna kuruka, hakuna kupanda. Umewahi kumfungia paka anayeitwa Tarumbeta wiki sita? Majirani wangu wanaweza kukutolea ushahidi. Hela iliyotoka ingewalisha chakula chao cha kawaida zaidi ya nusu mwaka. Tarumbeta amepona, anatembea kama mlevi mstaarabu. Kijiko nyonga yake ilijiunga ikiwa imepinda, njia ikawa nyembamba, na mpaka leo haendi choo bila dawa ya kulainisha. Kila siku. Hiyo ndiyo nafuu yangu.

Nikarudi kwa mtaalamu. Akasema labda nyama yangu haikuwa nzuri. Nikamtumia eksirei. Akanitoa kundini. Simba mzima!

Najua atakuja mtu hapa chini kusema "si uweke tu unga wa maganda ya mayai". Kiasi gani? Kwa kijiko cha nani? Na kalsiamu ni tundu moja tu kwenye hiyo sufuria. Kuna taurini, kirutubisho ambacho paka lazima akipate kwenye chakula: ikipungua, paka anapoteza macho na moyo wake unatanuka na kulegea. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hata chakula cha kiwandani cha wakati ule kilikuwa kinawaacha paka na upungufu huo, ndipo kampuni zikaongeza. Kiwanda chenye maabara kilikosea, sembuse mimi na mwiko wangu? Utasema basi uzibe kwa maini. Maini kila siku yanajaza vitamini A mpaka mifupa ya shingo inaota na kushikana. Utahamia samaki wabichi, na baadhi yao wanaharibu vitamini B1. Unaziba hapa, panavuja pale. Anayetaka kupika kwa dhati, vipimo vitoke kwa daktari wa mifugo anayeijua lishe, si kwa mwenye picha ya simba. Wala kwangu.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine yote utayasahau: nyama ni kitoweo, si chakula. Chakula ni kile ambacho mfuko wake umeandikwa ni kamili kwa paka anayekua, au kwa hatua zote za maisha. Geuza mfuko usome nyuma, picha ya mbele haikuhusu. Cha paka wazima peke yake hapana. Kwa viwango vya Marekani chakula cha ukuaji kinatakiwa kisipungue kalsiamu asilimia 1 na protini asilimia 30, maji yakiwa yametolewa, wakati cha mzima kinaruhusiwa kalsiamu asilimia 0.6. Chakula cha mbwa usikiguse kabisa, hakikutengenezwa kwa kufikiria taurini ya paka. Nyama unayoipenda wewe isizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku.

Hela inaokolewa hapo hapo ndani ya chakula kamili. Chukua kikavu kisicho na mbwembwe, mfuko mkubwa unaoweza kuufunga vizuri. Kopo ni zuri, ila robo tatu yake na zaidi ni maji, unalipia maji. Kikavu unakilowanisha kwa maji ya uvuguvugu mwenyewe, bure. Watibu minyoo kwa ratiba ya daktari, la sivyo unalisha kundi la pili ambalo halikuomba kuja kwako. Na kila mmoja umpime kwa mizani ya jikoni kila wiki. Anaongeza kama gramu 100 hivi. Asiyeongeza ndiye wa kumpeleka kwa daktari, hata kama anacheza. Mimi sikuwa napima, nilikuwa napiga picha.

Maziwa ya ng'ombe hapana, yatawaharisha, na kuharisha kwa kiumbe cha ukubwa huo ni jambo la saa, si la siku. Maji tu.

Nimepanda juu kusoma tena swali lako, naona kuna la mchanga na la bakuli, lakini mikono inanitetemeka kila nikifika pale kwenye "Jumatatu". Wengine watakujibu. Ila wakati naangalia nimeona kitu umekiandika mwishoni kabisa kama utani, kwamba yule mweusi ni mvivu, tangu juzi hataki kupanda kwenye sofa na wenzake. Umesema ulishaanza kuwaonjesha huo mnofu. Tangu lini? Huyo mpeleke kesho asubuhi, usimbebe kiunoni, muweke kwenye boksi lenye kitambaa, na daktari akikuuliza wanakula nini, mwambie ukweli wote.

Zile kilo tano usizitupe. Pika ule wewe, mifupa yako imeshakomaa.